Chipu Nne Zilizoichelewesha Electron

Mwaka 1983 kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, ilitoa kompyuta ya nyumbani iitwayo Electron kwa bei ya pauni 199. Kichakataji chake kilikuwa cha jamii ya 6502, chenye kasi ya megahezi 2, sawa na kile cha BBC Micro, kompyuta ya Acorn iliyoitangulia. Kumbukumbu nayo ilikuwa kilobaiti 32, sawa na ya BBC Micro Model B. Hata hivyo, programu nyingi zilizokwenda mbio kwenye BBC Micro zilisuasua kwenye Electron.

Sababu unaiona ukifungua kasha. Ndani ya Model B zimepangwa chipu 16 za kumbukumbu. Ndani ya Electron zipo nne tu. Kila moja ya hizo nne hutoa biti moja kwa mara moja, na baiti ina biti nane. Kwa hiyo kila baiti husomwa kwa awamu mbili, na kichakataji kinapoigusa kumbukumbu hiyo hushuka hadi megahezi 1. Ni kama fundi mwashi hodari mwenye saidia fundi mmoja: mkono wake hauna kosa, ila matofali hayafiki.

Skrini nayo ilidai chake. Picha haikai kiooni yenyewe. Lazima isomwe upya kutoka kwenye kumbukumbu mara 50 kwa sekunde. Kwenye Electron, ukichagua michoro mizito, usomaji huo humeza nafasi yote ya kumbukumbu wakati mstari unachorwa, na kichakataji husimama kikisubiri.

BBC Micro ya mwaka 1981 ilikuwa imelikwepa tatizo hili kwa gharama kubwa. Wahandisi wa Acorn, Steve Furber na Sophie Wilson, walitaka skrini na kichakataji vipokezane kumbukumbu bila kugongana, kila kimoja mara milioni 2 kwa sekunde. Hiyo ilimaanisha chipu ziwe tayari kila baada ya nanosekunde 250. Wakati huo chipu za namna hiyo zilikuwa adimu, na Acorn ilizipata kwa Hitachi ya Japani.

Watengenezaji wengine wa kompyuta walipitia njia zao. Kwenye Commodore 64 ya 1982, chipu ya picha ilikisimamisha kichakataji kila baada ya mistari minane ya skrini. Kwenye ZX Spectrum ya mwaka huohuo, kilobaiti 16 za chini ziligombaniwa na mtambo wa picha, na waandishi wa michezo walijifunza kuziweka sehemu za haraka za programu juu ya hapo.

Naona ni dhuluma kuihesabu Electron kuwa kompyuta dhaifu. Ilibanwa na bei.

Acorn wenyewe walikuwa wameshalielewa somo hili la kumbukumbu. Walipovipima vichakataji vipya vya biti 16 vilivyokuwa sokoni, Wilson na Furber waligundua kuwa vingi havikuitumia ipasavyo kasi ambayo kumbukumbu ingeweza kutoa. Wakaamua kubuni chao, ARM, kilichowaka mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1985. Kilitoa taarifa mapema pale kilipotaka neno linalofuata katika safu ileile, ili chipu za kawaida zilitoe bila kuanza upya. Kompyuta ya Archimedes ya 1987 ilikitumia kizazi chake cha pili, pamoja na chipu nyingine ambayo kazi yake ilikuwa kusimamia kumbukumbu na kuigawa kati ya kichakataji na skrini.