Madirisha Manne ya Nyumba ya Guka

Mvua za Aprili mwaka jana ndizo zilizoniita ushago. Nyumba ya guka, upande wa Mweiga, ilikuwa imeanza kuingiza maji. Shida haikuwa paa, ilikuwa madirisha. Yako manne upande wa mbele, yale ya zamani ya kupandisha na kuteremsha, na kizingiti cha moja kilikuwa kimeoza hadi kidole kinazama. Mjomba alikuwa ameshaulizia bei ya alumini. Mimi, mjukuu wa Nairobi mwenye simu iliyojaa picha za majumba ya kale, nikapinga. Hii ni historia, nikasema, haing'olewi hivi hivi.

Cucu alikuwa ameketi karibu na moto. Huniita mzee wangu, kwa sababu nilipewa jina la guka.

"Mzee wangu," akasema, "historia ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi Nairobi, nikaanza kusoma.

Anza na neno lenyewe. Dirisha lilitoka Uajemi, likatua pwani, na Kiswahili kikalipandisha bara. Gikuyu wakalipokea, likawa ndirica. Walilikopa kwa sababu kitu chenyewe hakikuwepo. Nyumba ya jadi ilikuwa na mlango mmoja mfupi, kuta za mbao, paa la nyasi na moto katikati. Moshi ulijipenyeza kwenye nyasi. Usidhani walishindwa kutoboa ukuta. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Julai kila tundu ni njia ya baridi. Aliyetaka mwanga alitoka nje.

Mwaka 1902 Waingereza waliweka kituo chao Nyeri. Wamishenari nao wakaja, Wakatoliki wa Consolata na Wapresbiteri wa Tumutumu. Kwao nyumba ya pembe nne yenye dirisha ilikuwa sehemu ya maisha mapya, pamoja na shule na shati. Kisha walowezi wakafuata na mashamba yao, wakitaka nyumba zinazofanana na za kwao.

Kwao Uingereza, dirisha la kupandisha lilikuwa limeenea tangu mwisho wa karne ya 17. Na huko dirisha lilikuwa mali hasa. Kuanzia 1696 hadi 1851 serikali ilitoza kodi kulingana na idadi ya madirisha, hata baadhi ya watu wakaziba yao kwa matofali ili wapunguze deni. Huku kwetu, mwanzoni mwa karne ya 20, wakoloni walileta kodi ya kibanda. Ulilipa hata kama kibanda chako hakina dirisha hata moja.

Sasa fikiria safari ya kioo kimoja. Kilivuka bahari hadi Mombasa, kikapanda treni. Reli ilifika Thika 1913, na Nanyuki karibu na 1930. Kabla ya hapo, njia iliyobaki ilikuwa ya mikokoteni ya ng'ombe, matope na mashimo. Kioo kidogo ni rahisi kukisafirisha, na kikivunjika unabadilisha kimoja, si ukuta mzima wa kioo. Mbao hazikuhitaji meli. Misitu ya Mlima Kenya na Aberdare ilikuwa na mutarakwa, ambao mchwa hauupendi, na muthengera, ambao ni laini kwa randa. Kwenye miji hii mafundi wengi wa mwanzo walikuwa Wahindi, na vijana Waafrika walijifunza kazi kwao na kwenye karakana za misheni. Kwa hivyo hata lile dirisha ninaloliita la mzungu, mikono iliyolitengeneza haikuwa ya mzungu.

Ukizuru Nyeri utaonyeshwa Paxtu, nyumba ndogo aliyojengewa Baden-Powell mwaka 1938 kwenye uwanja wa Hoteli ya Outspan. Alifia humo Januari 1941. Wageni hutazama kumbukumbu za mzee yule. Siku hizi mimi hutazama vioo, nikajiuliza nani aliyekuwa akivisafisha.

Jibu moja nilikuwa nalo nyumbani muda wote. Niliporudi Agosti, Cucu alinipa story ambayo sikuwa nimeisikia. Akiwa msichana, familia yake iliishi kwenye shamba la mlowezi. Kazi yake Jumamosi ilikuwa kuosha vioo vya nyumba kubwa, upande wa nje. Ndani walikuwa na mtu wao. "Nilijua kila kioo," akasema, "lakini sikuwahi kujua kutoka ndani unaona nini."

Kisha Dharura ikatangazwa Oktoba 1952, na kuanzia 1954 serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru waliondolewa makwao. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, kwa hivyo wanawake ndio waliojenga vibanda hivyo, haraka, wakisimamiwa kwa bunduki. Cucu alikandika chake na mamake. Hakikuwa na dirisha. "Ungeangalia nini?" akaniuliza.

Miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalipouzwa na mikopo ya ardhi kutolewa, guka alipata kipande chake na nyumba juu yake. Majirani wengi waling'oa madirisha ya mbao, wakaweka ya chuma yenye grili, na huwezi kuwalaumu. Usalama kwanza, na fundi wa kuchomelea yuko kila soko. Guka hakung'oa. Nilidhani ni mapenzi ya vitu vya kale. Cucu alicheka. "Hakukuwa na pesa."

Basi tukaita fundi wa mbao kutoka Karatina. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua bisibisi na kudunga kila fremu chini, kwa maana maji hukaa chini. Matatu yalikuwa magumu kama mfupa. Rangi iliyopakwa mara kumi ndiyo iliyokuwa imeyagandisha. Akafungua ubao wa pembeni akanionyesha siri yake: kisanduku kilichofichwa ukutani, ndani yake chuma kizito kinachoning'inia kwa kamba inayopita juu ya roda. Vyuma viwili vinabeba uzito wa fremu moja, ndiyo sababu hata mtoto anaweza kuipandisha. Teremsha ya juu kidogo, pandisha ya chini kidogo, hewa moto inatoka huku na baridi inaingia kule. Zile kamba zilikuwa zimekatika zamani, ndio maana tulikuwa tukiyashikilia kwa kijiti.

Ushauri wake ulikuwa rahisi, na nauandika kwa yeyote aliyerithi nyumba kama hii. Kilicho kizima, kamba mpya, pati mpya, rangi. Kilichooza chini tu, kata sehemu mbovu, unganisha mbao mpya iliyokauka vizuri. Kilichooza chote, tengeneza kingine. Alumini haiozi, lakini ya kuteleza hufunguka nusu tu, na asubuhi za baridi maji hutiririka juu yake.

Lile la nne, lililooza kabisa, lilikuwa la chumba cha Cucu. Nikamwambia fundi achukue vipimo vilevile, atoe nakala kamili. Cucu akakataa. Kizingiti kilikuwa juu mno, akasema. Akiketi kitandani haoni chochote ila mawingu. Alitaka kuona geti.

Nilikaribia kubishana, nikakumbuka swali lake la Aprili. Fundi akaondoa mistari miwili ya mawe chini ya dirisha, akatengeneza jipya la mbao, refu kuliko wenzake. Ukisimama uani, nyumba sasa inaonekana imepinda jicho moja. Mpenzi wa majumba ya kale angeliita kosa.

Cucu huketi pale kila asubuhi na chai yake. Nikiingia getini, huwa ameshaniona.