Gigahatsi 10 Ambazo Hazikufika

Kompyuta ya kwanza niliyoijua vizuri ilikuwa Pentium 4 ya mtumba, kwenye saiba moja huko Kayole. Ilitoka Uingereza, na kibandiko cha ofisi ya wenyewe kilikuwa bado ubavuni. Ukifungua kurasa tatu tu, feni inanguruma kama matatu inayopanda mlima. "Kijana, ondoa miguu hapo, utaungua," mwenye saiba alikuwa akiniambia. Nilidhani imezeeka. Kumbe ilizaliwa na joto lile.

Nilikuja kujua hivyo baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, nikiwa na wakati mwingi wa kusoma.

Hadithi inaanzia Agosti 1998, Intel ilipotoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A. Iliuzwa kama ya megahatsi 300, yaani mapigo milioni 300 kwa sekunde. Watundu wakagundua kwamba ukibadilisha mpangilio mmoja tu, njia ya mawasiliano ikatoka megahatsi 66 hadi 100, nyingi kati ya prosesa hizo zilikimbia 450 bila shida. Ilitoka kwa dola 149. Pentium II ya megahatsi 450 ilitoka kwa dola 669. Hapo nani angenunua ya bei ghali?

Tangu hapo ikawa mazoea. Prosesa mpya ikitangazwa, hata kabla haijafika dukani, watu wanauliza: hii itasukumika hadi wapi? Na kwa miaka kadhaa hesabu zao zilikuwa zinatoka. Sababu iliandikwa mwaka 1974 na Robert Dennard na wenzake wa IBM: ukipunguza ukubwa wa transista, unaweza pia kupunguza umeme wake, kwa hivyo unaongeza kasi na joto halizidi.

Pentium 4 ilijengwa juu ya imani hiyo. Ilitoka Novemba 2000 ikiwa na gigahatsi 1.4 na 1.5. Ndani yake kazi iligawanywa hatua 20, kama mafundi wanaopokezana matofali kwenye mjengo: kila mmoja anafanya kidogo, mstari mzima unaenda mbio. Intel yenyewe ilisema muundo huu ungefika gigahatsi 10. Na ungebishaje? Kufikia mwisho wa 2002 ilikuwa imepita gigahatsi 3. Chora mstari kutoka pale, unyooshe, utafika 10.

Februari 2004 ikaja Prescott, toleo jipya lenye hatua 31 na transista ndogo zaidi. Waliokuwa wakiisubiri walipata jiko. Transista zilikuwa zimekuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa. Matoleo ya kasi yalipita wati 100. Mei mwaka huo Intel ikafuta Tejas, mrithi wake. Oktoba ikafuta Pentium 4 ya gigahatsi 4, na mkuu wa kampuni, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani huko Orlando kuomba radhi, nusu mzaha. Safari ikaishia 3.8.

Jibu lilitoka kwa timu ya Haifa, Israeli, iliyokuwa ikitengeneza prosesa za laptopu. Wao walikuwa wakihesabu kila wati. Julai 2006 kazi yao ikazaa Core 2 Duo: mapigo machache, lakini kila pigo linafanya kazi nyingi, na viini viwili badala ya kimoja. Ya gigahatsi 2.4 iliipita Pentium 4 ya 3.8. Mwaka 2024, miaka 20 baada ya Prescott, Intel iliuza prosesa inayofika gigahatsi 6.2. Kumi bado.

Kinachonikaa moyoni si kwamba walikosea. Ni nani aliyelipa. Barrett aliinuka, akapangusa magoti, kampuni ikaendelea. Ofisi za Uingereza zikaondoa mashine zao, zikaingia kwenye kontena, na utabiri uliokosea ukatua Kayole. Mwenye saiba ndiye aliyenunua tokeni za stima za kulisha zile wati, shilingi kwa shilingi, kutoka kwa wateja kama mimi waliolipa kwa dakika.

Mimi pia nilikuwa utabiri. Nilipata A- kwenye KCSE, na nyumbani mstari ukachorwa: digrii, kazi, nyumba ya mama. Hakuna aliyeuliza joto likoje ndani, na mimi sikusema. Mama alichukua mkopo wa chama kulipa karo ya ile miaka miwili. Bado anaulipa.

Juzi nilimtumia elfu mbili, pesa ya makala. Akapiga simu mara moja. "Hizi ni za nini, baba?"

Nikamwambia ni za chama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.