Kilima cha Mrima na Safari ya Elektroni

Kusitishwa kwa uchimbaji wa titaniamu Kwale mwishoni mwa mwaka 2024, baada ya miaka kama 11 ya kusafirisha mchanga mzito kupitia Likoni, kunarudisha macho kwenye kilima cha Mrima, huko huko Kwale, ambacho udongo wake una niobiamu. Metali hizo mbili zina nafasi katika historia ya mitambo ya kuchapuza elektroni, yaani kuziongezea kasi chembe zenye chaji hasi zinazokizunguka kiini cha atomi, nayo historia hiyo ina funzo kwa pwani ya kusini.

Kwa miongo mingi elektroni zimesukumwa na mawimbi ya redio ndani ya mirija ya metali, ambayo katika baadhi ya mitambo ya kisasa hutengenezwa kwa niobiamu kwa sababu, ikipozwa mno, hupitisha umeme karibu bila ukinzani. Mirija hiyo haistahimili nguvu ya umeme kupita kiwango fulani, na ndiyo maana mtambo wa Hamburg, Ujerumani, una urefu wa kilomita 3.4.

Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson wa Los Angeles walipendekeza kutumia plazima, yaani gesi ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni. Mpigo mfupi wa leza ukipita humo hufanya kama mashua inayopasua maji ya Diani: huacha wimbi nyuma yake, na elektroni zilizolidaka wimbi hilo huenda nalo kwa kasi. Wazo hilo lilingoja leza zenye nguvu, zilizowezekana baada ya Donna Strickland na Gérard Mourou kubuni, mwaka 1985, mbinu ya kuurefusha mpigo, kuukuza na kisha kuufinya, na baada ya fuwele ya yakuti iliyotiwa titaniamu kuwa kiini cha leza nyingi za aina hiyo. Mwaka 2006 watafiti wa Berkeley, Marekani, walizipa elektroni nishati ya elektronivolti bilioni 1 katika sentimita 3.3 tu, na mwaka 2019 bilioni 7.8 katika sentimita 20.

Mrima, kwa upande wake, uligeuka uwanja wa mvutano. Kilima hicho ni msitu wa hifadhi na turathi ya kitaifa, kina kaya, mahali patakatifu pa Wadigo, na udongo wake una thoriamu inayotoa mnururisho. Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalum ya uchimbaji, na mwezi Agosti Waziri wa Madini, Najib Balala, akaifutilia mbali. Kampuni ilishindwa katika mahakama za Kenya, ikaipeleka serikali mbele ya baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji lililo chini ya Benki ya Dunia, ikidai fidia ya dola bilioni 2 hivi. Oktoba 2018 baraza liliamua kwamba leseni iliyotolewa bila tathmini halali ya athari kwa mazingira, tena katika eneo lililohifadhiwa, haiwezi kulindwa na sheria ya kimataifa. Hukumu hiyo iliuheshimu msitu kuliko ulivyoheshimiwa na waliotia saini leseni.

Niobiamu nyingi duniani huimarisha chuma cha pua na cha ujenzi, na titaniamu nyingi huishia kwenye rangi nyeupe. Thamani kubwa huongezwa na wenye maarifa, ambao sasa wanatafuta namna ya kuchapuza elektroni bila mirija ya niobiamu kabisa. Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi wa kudumu lisilo na sinkrotroni, mtambo mkubwa wa elektroni unaotoa mwanga wa kuchunguzia dawa na madini, na mitambo midogo ya plazima inaweza siku moja kulipunguzia bara hili gharama. Kabla ya leseni nyingine kutiwa saini juu ya Mrima, serikali ya kaunti na vyuo vikuu vya pwani vina wajibu wa kuwafundisha vijana wa Kwale fizikia na jiolojia ya udongo wao, kwa maana asiyekijua kilicho chini ya miguu yake hupangiwa bei na mwingine.