Mwanya na Kigego

Katika mji wa Lubumbashi, kama penginepo, wako watu wengi wenye mwanya, yaani nafasi katikati ya meno mawili ya mbele. Wengine husifu mwanya kuwa ni uzuri, na Wafaransa huyaita meno hayo "meno ya heri". Wengine huucheka. Je, mwanya una maana gani?

Wazee wa zamani walisoma mengi katika meno, wala si heri tu. Mwaka 1867 Daktari Livingstone alifika kwa mfalme Kazembe, upande wa Luapula. Aliandika ya kwamba mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini aliuawa, kwa kuwa alidhaniwa kuleta mkosi. Imani hiyo ilienea mbali: Waswahili wa pwani walimwita mtoto huyo kigego. Lakini Livingstone alisimulia pia habari ya mke mmoja wa Sekeletu, mfalme wa Makololo, aliyekataza mtoto wa mtumishi wake asiuawe. Ni wachache waliothubutu kushindana na watu wote kama mama yule.

Mji wetu ulipoanza mwaka 1910, ukiitwa Elisabethville, kazi ya shaba ilivuta watu wa Luapula, na baadaye wa Lomami na Kasai. Kila mmoja alikuja na mila za kwao.

Basi, tujue asili ya mambo haya. Mtoto wa miaka 7 au 8, meno yake mapya ya mbele mara nyingi huachana. Chonge zikitokea, kama kwenye miaka 11 au 12, mwanya huo kwa kawaida huziba wenyewe. Kwa wengine hubaki, kwa sababu meno ni madogo kuliko taya, au ule ukano wa mdomo wa juu umeshuka mpaka katikati ya meno. Mara nyingi ni urithi wa wazazi, si ugonjwa. Lakini mtu mzima akiona mwanya mpya, na ufizi unatoka damu, aende kwa daktari wa meno.

Vivyo hivyo, meno ya juu kutangulia ni tofauti ya maumbile tu.

Enyi wazazi, mwanya hauleti bahati, wala kigego haleti msiba. Mtoto huja na meno aliyojaliwa na Mungu. Kazi yetu ni kumfundisha kuyasafisha, na kumpenda.