Kabla Hatujaenda Ujerumani, Wao Walikuja

Wasee, kuna sarafu moja imeninyima usingizi wiki mbili sasa. Ni ya dhahabu, uzito wake kama gramu 7. Upande mmoja kuna tai wa Ujerumani. Upande wa pili kuna tembo ameinua mkonga, mlima nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T. Hiyo T ni Tabora, Tabora hii ya Tanzania. Leo mtu anayekusanya sarafu za zamani akikupea bei yake, unanunua pikipiki na chenji inabaki.

Nilikutana nayo kwa sababu najifunza Kijerumani. Ndio, mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili na kuambia watu nitaishi kwa video. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa wafanyakazi kule Berlin, Septemba 2024, huku Gakindu kila boma lina mtu "yuko A2" ama "anangoja B1". Mathe aliuza ng'ombe mmoja kulipa masomo yangu. Sasa siku moja badala ya kukariri maneno, nikaanza kuuliza: hawa watu tunaowaendea kutafuta pesa, wao walikuja kwetu kutafuta nini?

Dhahabu. Si hiyo pekee, lakini hiyo ilikuwa ndani.

Walipokuwa wanatawala Tanganyika waliipata Sekenke, huko Iramba, Singida ya leo. Kufikia mwaka 1909 hivi kazi ilikuwa imeanza. Usifikirie ni mchezo wa kuinama mtoni na kuokota vipande. Dhahabu ya Sekenke ilikuwa imejificha ndani ya mwamba, kwa hivyo ni kuchimba shimo, kutoa mawe, kuyaponda mpaka yawe unga, ndio uanze kuitafuta. Hiyo inataka mashine, na Reli ya Kati ilifika Tabora 1912. Kabla ya hapo, hesabu mwenyewe kila chuma kilifikaje bara.

Inataka pia watu wa kushuka shimoni, na hao hawakutoka Hamburg. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeweka kodi ya nyumba tangu mwishoni mwa miaka ya 1890. Huna rupia? Tafuta kibarua kwa mzungu. Kwa hivyo ukisoma mahali kwamba Wajerumani "walichimba dhahabu", soma tena polepole.

Halafu vita vikaja, 1914. Manowari za Uingereza zikafunga pwani, na pesa kutoka Berlin haikupita. Serikali ilikuwa na askari wa kulipa na vyakula vya kununua. Ndipo karakana ya reli pale Tabora ikageuzwa kiwanda cha pesa. Dhahabu ya Sekenke ikawa sarafu za rupia 15, ambazo zilikuwa sawa na maki 20. Zilitengenezwa 16,198 tu. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora kutoka Kongo, na mambo ya tembo yakaishia hapo.

Na upande wetu je? Vita hivyo hivyo ndivyo vilibeba vijana wa Nyeri kwenda kuwa wapagazi wa Waingereza. Kariokor ya Nairobi imetokana na jina la kikosi hicho. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa kuliko risasi. Kwa hivyo ile dhahabu ililipa upande mmoja wa vita, na mgongo wa guka zetu ukabeba upande mwingine. Hii darasani sikuwahi kuambiwa, ama pengine niliambiwa nikiwa nimelala.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya pili. Baada ya kushindwa, Wajerumani walifukuzwa Tanganyika. Mwaka 1925 Waingereza wakawafungulia mlango tena. Huko kwao maki ilikuwa imeoza mwaka 1923, mpaka watu wananunua mkate kwa mabilioni. Kwa hivyo waliorudi hawakuwa mabwana wote. Kulikuwa na waliofilisika, wenye koti moja na deni. Dhahabu ilikuwa imeonekana Lupa, karibu na Chunya, mwaka 1922, na miaka ya 1930, dunia ikiwa na njaa ya kazi, watu walimiminika huko na Wajerumani wakiwemo. Walisafisha changarawe mahali ambapo maji yenyewe ni shida. Wachache walipata. Wengi walipata malaria. 1939 vita vingine vikaanza na Waingereza wakawakamata.

Nikisoma hiyo naona wasee kama mimi, aki. Mtu amekwama kwao, ameskia kuna mahali pesa iko, amefunga mzigo. Siwezi kumchukia kwa hilo.

Lakini hapa ndio naudhika. Yule msee wa koti moja, akifika Lupa, alikuwa bwana siku hiyo hiyo. Sheria ilikuwa upande wake. Alipewa leseni, akaandika vibarua weusi, na hakuna aliyemuuliza kama anajua Kinyakyusa, wala kumpa mtihani wa kusikiliza na kuandika. Vitabu vinamwita mchimbaji, mlowezi. Mimi nikienda kuosha wazee Stuttgart, na kazi hiyo wanaihitaji kabisa, naitwa mhamiaji, na wanasiasa wengine huko wanaomba kura kwa kuahidi kunipunguza.

Nilimsomea shosho yangu haya yote jioni moja tukichambua kahawa. Akauliza swali moja tu: "Na wale wa kwenye shimo, walilipwa?" Nikamwambia walilipwa kidogo, na sehemu ikarudi kwa serikali kama kodi. Akaguna, akaendelea kutupa mbivu upande wake na mbovu upande wake.

Mathe naye anataka kujua tu mtihani ni lini. Ni mwezi ujao. Kesho saa mbili niko darasani Nyeri, na bado sijui lini ni "der" na lini ni "dem".