Ufunguo wa Ziwa: Habari za Ziwa Victoria na Bwawa la Jinja



Ni desturi ya chama chetu kuweka kurasa chache za ripoti hii, baada ya hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliofariki, kwa ajili ya habari za kale zinazotufaa leo. Safari hii tumechagua habari za ziwa letu, wala hatukuzichagua kwa kupenda masimulizi tu. Baada ya mafuriko ya mwaka wa 2020, katika mkutano uliofikiria maombi ya msaada wa jamaa zetu walioingiwa na maji nyumbani, mzee mmoja alisimama akauliza, "Ni nani aliyeshika ufunguo wa ziwa?" Wengine walijibu kwamba ni watu wa Jinja, nao wamefunga mlango kwa makusudi. Wengine walisema ni Mungu peke yake. Kikao kikaisha bila jibu. Tumeona yatupasa kulijibu swali hilo kwa taratibu, maana asiyejua chanzo cha maji yaliyombomolea nyumba hawezi kujua mahali pa kujenga tena.

Kwanza tulitazame ziwa lenyewe. Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na Waganda Nalubaale, lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Karibu nusu yake imo Tanzania, sehemu kubwa ya iliyobaki imo Uganda, na fungu letu la Kenya ni kama sehemu 6 tu katika kila 100. Mito mingi huingia humo: kwetu ni Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja, na ng'ambo kuna Kagera na mingineyo. Walakini mito yote pamoja haifikii mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwa kuwa zaidi ya sehemu nne katika tano za maji yaingiayo hutoka mbinguni moja kwa moja. Vivyo hivyo maji mengi hupaa kwa jua. Yanayobaki yana njia moja tu ya kutokea, nayo ni Jinja, unapoanzia mto wa Nile.

Hapo Jinja palikuwapo mlango wa asili. Mwingereza John Speke alifika mahali hapo mwezi wa Julai mwaka wa 1862, akaona maji yakiruka juu ya mwamba, akapaita Maporomoko ya Ripon. Wenyeji walikuwa na jina lao la zamani, maana jina la Jinja latokana na neno la jiwe. Mwamba ule ndio uliokuwa bawabu wa ziwa. Ziwa likijaa, maji mengi yalipita juu yake. Likipungua, yalipita machache. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa wala wa kushukuriwa. Maji hufuata mkondo.

Tangu mwaka wa 1896 kimo cha ziwa kimekuwa kikipimwa na kuandikwa. Kazi hiyo ya karani na kibao chenye namba yaonekana ndogo, lakini bila hiyo tusingekuwa na ushahidi wowote leo. Yafaa tueleze kwamba namba zisomwazo kwenye kibao cha Jinja si kina cha ziwa. Ni alama tu za kulinganishia mwaka huu na mwaka ule.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uganda ilitaka nguvu za umeme. Halmashauri ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka wa 1948, na mwaka uliofuata kazi ya kujenga bwawa ikaanza katika Maporomoko ya Owen, chini kidogo ya Ripon. Lakini Nile haina mwenyewe mmoja. Misri, ambayo maisha yake yote ni mto ule, ilikuwa na mapatano na Uingereza tangu mwaka wa 1929 kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji yake isifanywe bila idhini yake. Kwa hiyo mwaka wa 1949 serikali hizo mbili ziliandikiana barua. Misri ilikubali bwawa lijengwe, hata ikachukua sehemu ya gharama ili ukuta uongezwe mita 1 kwenda juu, maana wataalamu wake walitumaini kulifanya ziwa letu kuwa ghala la maji ya akiba. Tena ilikubali kutoa fidia kwa watakaodhurika ziwa likipandishwa. Injinia wa Misri aliwekwa Jinja kuangalia vipimo. Malkia Elizabeth II alilifungua bwawa mwezi wa Aprili mwaka wa 1954. Maporomoko ya Ripon yalifunikwa na maji, na yule bawabu wa mawe akastaafu.

Nasi wa Kenya tusisahau kwamba tulipata faida. Mwaka wa 1958 umeme wa Jinja ulianza kuletwa mpaka Nairobi kwa waya ndefu, na wengi wa wanachama wetu wa kwanza walisomea taa hizo masomo yao ya jioni.

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Mwamba ulipoondolewa, ufunguo uliingia mikononi mwa watu. Ili watu hao wasifanye wapendavyo, mainjinia walichora mstari kwenye karatasi ya hesabu, ulioonyesha ni maji kiasi gani yangalipita juu ya mwamba kwa kila kimo cha ziwa. Wakakubaliana kwamba mitambo na milango ya bwawa itatoa kiasi hicho hicho. Mstari huo ukaitwa Mstari wa Mapatano. Yaani mwamba uliondolewa, lakini sheria yake ikabaki. Ziwa likawa na ufunguo, na ufunguo ukawa na kiapo.

Kiapo hicho kilijaribiwa upesi. Kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka wa 1961 mvua kubwa zisizo za kawaida zilinyesha Afrika ya Mashariki, na kufika mwaka wa 1964 ziwa lilikuwa limepanda karibu mita 2 na nusu. Wazee wetu wanakumbuka mashamba na njia zilizozama pwani ya ziwa. Wengi walisema siku zile kwamba bwawa ndilo lililoleta balaa. Vipimo vyasema vingine. Bwawa lilitoa maji kwa kufuata mstari, nayo yaliyotoka yakawa karibu maradufu ya yale ya miaka ya nyuma, hata madimbwi makuu ya Sudd huko Sudan ya Kusini yakapanuka na kuwahamisha watu na ng'ombe wao. Kama mwamba wa kale ungalikuwapo, ziwa lingalipanda vile vile.

Ndugu msomaji aweza kuuliza, "Mbona hawakufungua milango zaidi?" Na tufanye hesabu. Kupunguza sentimita 1 ya ziwa lote ni kuondoa mita za ujazo milioni 688. Mto ukitoa mita za ujazo 1,000 kila sekunde, kazi hiyo huchukua siku 8, hata kama mvua na mito vingelingana sawasawa na maji yanayopaa kwa jua. Mita 2 na nusu zingetaka zaidi ya miaka mitano. Mlango wa Jinja ni mkubwa machoni pa mtazamaji, lakini mbele ya ziwa ni kama tundu la sindano.

Hata hivyo tundu likiachwa wazi miaka mingi hupunguza mtungi. Kituo cha pili cha umeme, kiitwacho Kiira, kilijengwa kando ya kile cha kwanza, ambacho sasa huitwa Nalubaale, nacho kikaanza kazi mwaka wa 2000. Haja ya umeme ilikuwa kubwa, na ukame ukaja. Katika miaka ya 2003 mpaka 2006 maji yaliyotolewa yalizidi ule mstari. Ziwa likashuka mpaka kimo ambacho hakikuonekana tangu mwaka wa 1923. Mashua zilikwama matopeni, na wavuvi wetu wakatembea mbali kufuata maji. Wataalamu waliopima walikadiri kwamba karibu nusu ya kushuka kule ilitokana na ukame, na nusu nyingine na mlango wenyewe. Hapo kiapo kilivunjwa, na hatuna sababu ya kulificha neno hilo. Lakini tuseme pia kwamba maji yalipopunguzwa mwaka wa 2006, watu wa Uganda walikaa gizani kwa zamu.

Kisha mvua zikarudi. Mwezi wa Mei mwaka wa 2020 kibao cha Jinja kilisomwa mita 13.42, kuipita kidogo ile alama ya mwaka wa 1964, ambayo ilikuwa 13.41. Milango ilifunguliwa zaidi, nao wakazi wa kando ya Ziwa Kyoga wakafurikiwa kwa maji yaliyotuondokea sisi. Kwa hiyo wanaosema kwamba Jinja walifunga mlango mwaka ule wamewasingizia majirani.

Jibu letu kwa mzee wetu ni hili. Mvua ndiyo inayolijaza ziwa, na ufunguo wa Jinja hauwezi kuizuia. Lakini ufunguo huo waweza kulikausha polepole ukishikwa na mwenye haja asiyeangaliwa. Tangu mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha mwaka wa 2003, kazi ya kuangalia ni ya nchi zote za bonde hili kwa pamoja, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake Kisumu, si mbali na kwetu.

Basi twaomba mambo mawili. La kwanza, katika kila kijiji cha pwani wazee waonyeshe mahali maji yalipofika mwaka wa 1964 na mwaka wa 2020, pawekwe jiwe, na fedha za chama chetu zisijenge nyumba ya mjane, darasa wala zahanati chini ya jiwe hilo. Ziwa limefika hapo zaidi ya mara moja katika umri wa mtu mmoja, litafika tena. La pili, wawakilishi wetu waulize kila mwaka vipimo vya kimo na vya maji yaliyotolewa, navyo vichapishwe katika ripoti hii karibu na hesabu za fedha. Mweka hazina wetu husomewa daftari lake mbele ya wanachama wote, wala haoni kuwa ni matusi. Mshika ufunguo wa ziwa naye asomewe lake.