Chester Williams, Winga wa Afrika Kusini

Mara nyingi historia hutupa habari za wafalme, vita na mikataba. Leo nitawapa habari za mtu aliyekimbia na mpira. Msicheke. Hata mpira una historia yake, na wakati mwingine historia hiyo ni chungu.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe, maana wengi wetu tumezoea kandanda. Raga huchezwa na watu 15 kila upande, na mpira wake una umbo la yai. Mchezaji huushika kwa mikono na kukimbia nao, lakini akitaka kumrushia mwenzake, haruhusiwi kuurusha mbele. Akivuka mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugusisha mpira chini, amepata trai, nayo ni pointi 5. Winga ndiye anayekaa pembeni kabisa. Kazi yake ni mbio. Anaweza kungoja muda mrefu asiuguse mpira, kisha ukimfikia mara moja tu, uwanja mzima unamtazama yeye.

Chester Williams alizaliwa tarehe 8 Agosti, 1970, katika mji wa Paarl, karibu na Cape Town. Sheria ya mwaka 1950 iliwaandikisha watu wote wa Afrika Kusini kwa rangi zao, na yeye akahesabiwa chotara. Neno hilo moja katika daftari la serikali liliamua mtoto akae mtaa gani, asome shule gani, na acheze na nani. Makaburu nao waliishika raga kama mali ya ukoo. Timu ya taifa, iitwayo Springbok, ilikuwa ya Wazungu watupu mpaka mwaka 1981, alipoingia Errol Tobias. Wa pili, mwaka 1984, alikuwa Avril Williams, ami yake Chester.

Msidhani kwamba watu weusi waliifurahia timu hiyo kwa sababu ya hao wawili. Wengi waliichukia. Ilipocheza na wageni, waliwashangilia wageni. Nchi za nje nazo zilizidi kukataa kucheza nayo, na Kombe la Dunia la mwaka 1987 na la 1991 yalichezwa bila Afrika Kusini. Mwaka 1992 vyama vya raga vya Wazungu na vya wasio Wazungu viliungana, na nchi ikarudi uwanjani. Mwezi Novemba, 1993, Williams aliichezea Springbok kwa mara ya kwanza, huko Buenos Aires, dhidi ya Argentina.

Mwaka 1994 Nelson Mandela akawa Rais, na mwaka uliofuata Kombe la Dunia likachezwa Afrika Kusini kwenyewe. Katika kikosi chote Williams alikuwa peke yake asiye Mzungu. Basi sura yake ikabandikwa kwenye matangazo ya barabarani, iwe alama ya taifa jipya. Fikirini mzigo huo: kijana wa miaka 24 anaambiwa kwamba yeye ndiye umoja wa nchi, na hali miguu ni ile ile miwili.

Mguu wenyewe ukamwangusha. Aliumia msuli wa paja, akaachwa nje ya kikosi, huku picha zake bado ziko barabarani. Kisha mechi na Kanada ikaingia ngumi, na winga Pieter Hendriks akafungiwa. Williams akaitwa. Tarehe 10 Juni, 1995, dhidi ya Samoa ya Magharibi, alipata trai 4 katika mechi moja. Springbok walishinda 42 kwa 14. Kwa maoni yangu, siku hiyo ndiyo aliyoacha kuwa picha akawa mchezaji. Tarehe 24 Juni waliishinda New Zealand 15 kwa 12, katika muda wa nyongeza, na Mandela alikuwapo amevaa jezi ya Springbok.

Miezi miwili baadaye wakuu wa raga duniani waliruhusu wachezaji walipwe waziwazi. Williams angeweza kuvuna sana, lakini magoti yalimsumbua, akakosa michezo mingi. Kwa jumla aliichezea nchi yake mara 27, akapata trai 14. Baadaye alikuwa mwalimu wa timu ya wachezaji saba ya Afrika Kusini, na hata ya taifa ya Uganda, jirani zetu.

Mwaka 2002 kilitoka kitabu cha maisha yake. Humo alieleza kwamba baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wakimtukana kwa rangi yake, na kwamba umoja ule wa kwenye matangazo haukuwa umoja alioupata ndani ya timu. Wako waliokasirika wakisema anaharibu hadithi nzuri. Mimi naona alikuwa na haki ya kuisimulia, kwani ilikuwa yake.

Alifariki tarehe 6 Septemba, 2019, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 49. Wiki nane baadaye, huko Japani, Afrika Kusini ilitwaa Kombe tena, ikiongozwa na Siya Kolisi, nahodha wake wa kwanza mweusi. Mawinga wote wawili, Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe, hawakuwa Wazungu. Kila mmoja alipata trai. Mapimpi alivaa jezi namba 11, namba ya Williams.

Sasa mwalimu azime redio, na darasa lijadili: je, Williams angenyamaza?